Wi-Fi Mpya, Laptopu Zinasuasua: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Ofisi imetoa fedha, aksesi pointi za zamani zimeshushwa darini, mpya zimepachikwa, na ofisa utawala ameshatia saini hati ya mapokezi. Kesho yake mhasibu analalamika: faili lililokuwa likifunguka papo hapo sasa linazungusha duara tu. Simu yake inakwenda vizuri kwenye Wi-Fi hiyohiyo, laptopu yake ndiyo inayosuasua. Hali hii hutokea sana vifaa vinapobadilishwa, na hutibiwa vibaya sana. Watu huzima na kuwasha, hugeuza mipangilio kumi kwa mpigo, huilaumu kampuni ya intaneti, mwisho huagiza vifaa zaidi.

Wi-Fi ina pande mbili. Aksesi pointi hutuma na laptopu hujibu, na kasi huamuliwa na upande ulio dhaifu. Aliyebadilisha upande mmoja amefanya nusu ya kazi. Orodha hii ni ya mafundi wa TEHAMA na ya wakuu wa ofisi wanaowasimamia. Ifuatwe kwa mpangilio wake, kwa sababu matokeo ya hatua moja ndiyo yanayosema kama kuna haja ya hatua inayofuata.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

1. Tenga tatizo kwanza. Chomeka laptopu inayosuasua kwenye swichi kwa kebo, zima Wi-Fi yake, kisha fanya kazi ileile iliyolalamikiwa. Ikisuasua hata kwa kebo, kosa haliko kwenye Wi-Fi. Litafute kwenye seva, kwenye laptopu yenyewe, au kwenye intaneti inayoingia ofisini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku kama ile, hakuna kuhamisha aksesi pointi kunakoleta nafuu, na jaribio la kebo la dakika mbili humwonyesha fundi hivyo kabla hajapanda ngazi.

2. Usipime intaneti ukadhani umepima Wi-Fi. Tovuti za kupima kasi hupima njia nzima, kuanzia meza ya mfanyakazi hadi seva iliyo mji mwingine au nchi nyingine. Weka programu ya bure ya iperf3 kwenye kompyuta iliyochomekwa kwa kebo, iweke pia kwenye laptopu, kisha pima kati ya hizo mbili. Laptopu ikipata megabiti 300 kwa sekunde ndani ya ofisi, na intaneti mnayolipia ni megabiti 20, mjadala wa Wi-Fi umefungwa. Hapo kinachohitajika ni kifurushi kikubwa zaidi au nidhamu ya matumizi.

3. Andika namba. "Iko taratibu" si kipimo. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike netsh wlan show interfaces. Utaona aina ya redio, chaneli, kasi ya kupokea na kutuma, na nguvu ya mawimbi kwa asilimia. Kwenye kompyuta za Apple, shikilia kitufe cha Option huku ukibofya alama ya Wi-Fi, nazo zitakuonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Kwa simu za sauti na mikutano ya video, mafundi hulenga -67 dBm au zaidi. Ukisoma -80, usitegemee chochote cha maana. Chukua vipimo vya laptopu nzuri na laptopu mbaya zikiwa juu ya meza moja, saa ileile. Tofauti ya namba hizo mbili itakuelekeza kuliko maelezo marefu.

4. Usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja. Badilisha kimoja, pima, andika, kisha amua kukiacha au kukirudisha. Fundi aliyebadilisha matano kwa pamoja na hali ikapona hajui kilichoponya, na tatizo likirudi ataanza upya.

5. Usimdharau anayelalamika. Muulize alikaa wapi, ilikuwa saa ngapi, na kama ni kila programu au moja tu. Jibu la "ni asubuhi tu" linaelekeza kwenye msongamano. "Ni chumba cha mikutano tu" linaelekeza kwenye kuta na mahali aksesi pointi ilipopachikwa. "Ni laptopu yangu tu, jirani yangu yuko salama" linakupeleka moja kwa moja kwenye sehemu inayofuata.

KWENYE LAPTOPU

6. Sasisha draiva ya kadi ya Wi-Fi kabla ya kugusa aksesi pointi. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi na ndiyo yenye manufaa zaidi. Aksesi pointi mpya nyingi hutumia kiwango cha 802.11ax, kinachoitwa Wi-Fi 6, na hutangaza uwezo ambao draiva za miaka ya nyuma haziuelewi. Intel yenyewe ilitoa taarifa kwamba baadhi ya kadi zake za zamani, zikiwa na draiva za zamani, haziuoni kabisa mtandao wa 802.11ax, na kwamba tiba ni draiva mpya. Kwa hiyo laptopu inaweza kuikosa bendi nzuri na kung'ang'ania ile mbaya, bila mwenyewe kujua.

7. Usiridhike na Windows inapokwambia draiva bora tayari ipo. Maana yake ni kwamba yenyewe haijapata nyingine. Angalia tarehe ya draiva kwa amri ya netsh wlan show drivers, kisha nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu au wa kadi. Usipakue draiva kutoka tovuti zisizojulikana zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa kubofya mara moja. Hizo ni mlango wa virusi, na ofisi yenye mishahara na siri za wateja haina ruhusa ya kuufungua.

8. Jua kadi ina uwezo gani kabla ya kuidai kasi. Ofisi zetu nyingi zina laptopu za mtumba kutoka Kariakoo au Luthuli Avenue. Nyingine ni imara kabisa, lakini kadi zake za Wi-Fi ni za zamani. Zipo zinazotumia GHz 2.4 peke yake. Hizo, zikiwa na antena moja kwenye chaneli ya kawaida, haziwezi kupita megabiti 72 kwa sekunde hata ukipachika aksesi pointi ya bei kubwa kuliko zote. Kadi ya 802.11ac yenye antena mbili, kwenye chaneli ya megahezi 80, hufika megabiti 866. Ya 802.11ax ya aina hiyo hufika 1,201. Na hizo ni kasi za redio. Kazi halisi hupata takriban nusu yake au zaidi kidogo, kwa kuwa Wi-Fi hutuma na kupokea kwa zamu. Laptopu nyingi huruhusu kadi kubadilishwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na bei ya aksesi pointi, ila hakikisha kwanza kwamba haijaunganishwa moja kwa moja kwenye bodi.

9. Futa mtandao wa zamani kwenye kumbukumbu ya laptopu, kisha jiunge upya. Jina la mtandao likibaki lilelile huku usalama ukibadilika, laptopu huendelea kujaribu kwa masharti ya zamani, ikaunganika kwa shida au ikakatikakatika.

10. Usiache mpangilio wa kubana umeme uiendeshe redio. Windows hupunguza nguvu ya kadi ya Wi-Fi laptopu ikiwa kwenye betri. Weka utendaji wa juu kabisa wakati wa kupima. Kwenye mipangilio ya kadi yenyewe, hakikisha hakuna aliyeiamuru ipendelee GHz 2.4. Amri kama hizo huwekwa kwa dharura fulani, halafu husahaulika kwa miaka.

11. Ondoa vifaa vya USB 3.0 vilivyo karibu unapopima kwenye GHz 2.4. Intel ilieleza mwaka 2012 jinsi vifaa na nyaya za USB 3.0 zinavyotoa kelele kwenye masafa hayo. Diski ya nje iliyolazwa kando ya laptopu inatosha kuharibu kipimo. Tiba ya kudumu ni kuihamishia laptopu kwenye GHz 5.

12. Usiache kazi za chinichini zisingiziwe Wi-Fi. Masasisho ya Windows, mafaili yanayopandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni na VPN ya makao makuu, vyote hula njia. Vitazame kwenye orodha ya programu zinazotumia mtandao kabla ya kutoa hukumu.

KWENYE AKSESI POINTI

13. Usipanue chaneli kwa tamaa. Hili ndilo kosa kubwa la vifaa vipya. Kipeperushi cha biashara husifu megahezi 160, na fundi huiwasha kwenye aksesi pointi zote. Katika nchi nyingi, bendi nzima ya GHz 5 ina nafasi mbili tu za upana huo zisizoingiliana. Ukiwa na aksesi pointi sita kwenye jengo moja, lazima ziimbe juu ya sauti za wenzake, na kila moja husubiri nyingine imalize. Zaidi ya hayo, kila upana wa chaneli unapoongezeka maradufu, kelele inayopokelewa huongezeka kwa desibeli 3, na laptopu iliyo mbali ndiyo inayoumia kwanza. Weka megahezi 20 kwenye GHz 2.4 bila mjadala. Weka 40 kwenye GHz 5 kwa ofisi yenye aksesi pointi nyingi. Fikiria 80 pale tu ulipo na aksesi pointi chache na majirani wachache.

14. Usiweke nguvu ya kurusha mawimbi kwenye kiwango cha juu kabisa. Laptopu ina redio dhaifu kuliko ile ya darini. Aksesi pointi ikirusha kwa nguvu zote, laptopu huonyesha alama kamili za mawimbi, lakini jibu lake halifiki vizuri. Mtumiaji huona "mtandao umejaa" na kazi haiendi. Ubaya wa pili ni kwamba laptopu hung'ang'ania aksesi pointi ya ghorofa ya chini hata mwenyewe anapokaa chini ya nyingine iliyo karibu, kwa sababu bado inaisikia. Punguza nguvu hadi kiwango cha kati, pima, na shusha zaidi kwenye GHz 2.4 kuliko kwenye GHz 5.

15. Tumia chaneli 1, 6 na 11 peke yake kwenye GHz 2.4. Hizo hazipandani. Anayechagua chaneli 3 au 4 kwa kudhani ni tupu huingiliana na jirani wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Katika majengo ya kupangisha ofisi, pima pia mitandao ya wapangaji wenzako, kwa maana hewa ni moja.

16. Usipuuze chaneli zinazogawana masafa na rada. Sehemu kubwa ya GHz 5 hutumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa. Sheria huitaka aksesi pointi isikilize angalau sekunde 60 kabla ya kutumia chaneli hizo, na ihame mara inapohisi rada. Laptopu zikikatika zote kwa pamoja bila mpangilio, fungua kumbukumbu za aksesi pointi utafute taarifa ya rada. Ukiipata, hamia chaneli 36 hadi 48, ambazo hazina sharti hilo.

17. Weka nchi sahihi kwenye mipangilio. Usichague Marekani ukiwa Dodoma au Mombasa ili upate chaneli zaidi. Masafa husimamiwa na TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Na laptopu zilizowekewa kanuni za hapa zinaweza kutoziona kabisa chaneli ulizojitafutia.

18. Ondoa TKIP na WEP. Mtandao uliobaki na usimbaji wa TKIP au WEP hauruhusiwi kutumia kasi za 802.11n na viwango vilivyofuata, kwa hiyo laptopu hurudi kwenye megabiti 54 kwa sekunde. Ukiona 54 kamili kwenye kipimo, anza hapa. Tumia WPA2 yenye AES, au WPA3 kwa vifaa vinavyoiweza. Kagua pia kwamba WMM haijazimwa, maana kuizima huleta adhabu ileile. Na usiondoe nywila "kwa majaribio tu". Mtandao wa ofisi haukai wazi hata saa moja.

19. Usiwashe kila ujanja kwa siku moja. Uhamaji wa haraka wa 802.11r na mfumo wa kusukuma vifaa kwenda GHz 5 vina faida yake, lakini laptopu za zamani hujikwaa hapo. Anza bila hivyo. Ongeza kimoja baada ya kingine, ukiwa na laptopu kongwe ya ofisi mkononi kama shahidi.

20. Sasisha programu ya ndani ya aksesi pointi. Kifaa kilichotoka kwenye boksi mara nyingi kimekaa ghalani na programu yake imepitwa. Fanya hivyo baada ya saa za kazi, ukiwa na nakala ya mipangilio iliyokuwapo.

21. Zima na ushushe vifaa vya zamani. Aksesi pointi iliyosahauliwa juu ya kabati, ikirusha jina lilelile la mtandao, itaendelea kuzivuta laptopu. Tembea jengo zima ukihesabu.

KEBO, SWICHI NA ANWANI

22. Kagua umeme unaopita kwenye kebo. Aksesi pointi nyingi za ofisi hupata umeme kutoka kwenye swichi kwa njia ya PoE. Swichi za kiwango cha 802.3af hutoa wati 15.4 kwa kila tundu. Aksesi pointi nyingi za Wi-Fi 6 huhitaji 802.3at, yaani wati 30. Zikikosa, nyingi haziachi kuwaka: hupunguza nguvu au huzima baadhi ya antena zake, na taa huendelea kuonyesha kwamba kila kitu ni shwari. Soma hali ya umeme kwenye ukurasa wa usimamizi, na uwezo wa swichi ukaguliwe kabla ya kununua aksesi pointi.

23. Usiamini kebo kwa sababu ilikuwa inafanya kazi. Gigabiti moja inahitaji nyuzi zote nane ndani ya kebo. Mmoja ukikatika au ukibanwa vibaya kwenye plagi, swichi hushuka hadi megabiti 100 bila kulia. Aksesi pointi ya zamani haikuhitaji zaidi ya hapo, hivyo ugonjwa haukuonekana. Soma kasi ya kila tundu kwenye swichi. Palipoandikwa 100, bana plagi upya au badilisha kebo, na hakikisha hakuna iliyopita mita 100.

24. Usiache aksesi pointi ikifanya kazi ya ruta. Ikigawa anwani zake yenyewe wakati ruta ya ofisi nayo inagawa, baadhi ya laptopu hazitaiona printa wala seva. Mgawaji wa anwani awe mmoja. Mhesabie nafasi pia: mtandao wa kawaida wa /24 una anwani 254, na kila mfanyakazi siku hizi huja na laptopu na simu, pengine na saa ya mkononi. Zikiisha, anayechelewa kufika ofisini hapati chochote.

KWA WENYE MAMLAKA

25. Usinunue vifaa zaidi kabla ya kusoma vipimo. Aksesi pointi ya ziada kwenye hewa iliyojaa huongeza msongamano. Fundi akikuomba fedha, mwombe jedwali la namba: meza ipi, laptopu ipi, chaneli ipi, kasi gani kwa Wi-Fi na gani kwa kebo. Asiye na jedwali hajamaliza uchunguzi.

26. Mpe fundi muda na uhuru wa kupima. Mkuu anayepiga simu kila robo saa kuuliza "imekaa sawa?" ndiye anayemlazimisha fundi kugeuza kila kitu kwa pamoja. Dai ratiba na taarifa ya jioni, kisha mwache afanye kazi.

27. Weka bajeti ya laptopu pamoja na bajeti ya aksesi pointi. Orodha ya kadi za Wi-Fi zilizomo kwenye laptopu za ofisi ipatikane kabla ya zabuni kutangazwa. Kununua Wi-Fi 6 kwa ofisi yenye kadi za GHz 2.4 tupu ni kutumia fedha za watu vibaya, ziwe za kodi au za wanahisa.

28. Usitie saini ya mwisho kwa kutazama taa za kijani. Mkandarasi hupenda kuonyesha kasi akiwa amesimama chini ya aksesi pointi, na simu mpya mkononi. Mpeleke kwenye meza iliyo mbali kuliko zote, mpe laptopu kongwe kuliko zote, saa ambayo ofisi imejaa watu, na mhasibu mwenyewe afungue faili lake. Likifunguka, mlipe. Lisipofunguka, arudi kwenye namba 1, na malipo yasubiri.